Kupanga kipeperushi cha Kiswahili na Kiluganda kwa IBM Plex Sans

Kipeperushi cha lugha mbili kinahitaji fonti isiyochanganya I kubwa na l ndogo, yenye ŋ ya Kiluganda katika kila uzito (unene wa herufi), na isiyochosha macho. IBM Plex Sans inayo yote hayo, tena ni ya bure hata kwa kazi za biashara. Ilitoka mwaka 2017, Mike Abbink wa IBM akishirikiana na karakana ya Bold Monday ya Uholanzi, ikachukua nafasi ya Helvetica Neue katika machapisho ya IBM. Asili yake ya Kimarekani ni Franklin Gothic, iliyochorwa na Morris Fuller Benton mwaka 1902: tazama g yake yenye matundu mawili, tofauti na g ya Helvetica ya Uswisi yenye mkia ulio wazi.

Pakua toleo kamili la IBM, lenye uzito nane. Google Fonts ina saba tu, na unaokosekana, Text, ni mnene kidogo kuliko Regular, ule wa kawaida. Huo ndio ninaoupendekeza kwa maandishi yatakayotolewa fotokopi, kwa sababu mashine hupoteza mistari myembamba. Kwenye ofseti, yaani uchapishaji wa pleti, wino hutanuka wenyewe, hivyo Regular inatosha. Thin na ExtraLight, zilizo nyembamba zaidi, usizitumie chini ya pointi 24.

Sakinisha faili zote, pamoja na za herufi za mlalo (italiki). Ukikosa faili ya Bold, programu huinenepesha Regular kwa nguvu, na matundu ya e na a huziba.

Kwa karatasi ya A5, fungua ukurasa wa milimita 154 kwa 216, yaani milimita 3 za ziada kila upande ili kisu kisiache weupe ukingoni. Acha pambizo ya milimita 12 ndani ya mstari wa kukatia. Maandishi yawe pointi 10, nafasi kati ya mistari pointi 14, na kichwa pointi 22 cha SemiBold.

Linganisha upande wa kushoto pekee. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na ukinyoosha pande zote mbili mianya hufumka katikati ya mstari. Mkato wa maneno nao una hatari yake: programu iliyowekwa Kiingereza itakata “kupam-bana”, ilhali silabi zetu ni ku-pa-mba-na, basi mkato sahihi ni “kupa-mbana”. Weka lugha ya aya kuwa Kiswahili. Kama kamusi ya mkato haipo, zima mkato kabisa. Kwa aya za Kiluganda, zima tangu mwanzo.

Herufi ŋ huandikwa kwenye Word kwa kupiga 014B kisha Alt na X. Kubwa ni 014A. Usiandike “eng'oma” mahali pa “eŋŋoma” eti kwa sababu kibodi ni ya Kiingereza. Msomaji wa Kiluganda ataliona kosa hilo mara moja. Kwa Kiswahili, ng’ombe na ng’ambo zinahitaji ritabu iliyopinda (’), si mstari wima (') unaoletwa na maandishi yaliyonakiliwa kutoka simu. Badilisha vyote kwa “tafuta na ubadilishe”.

Kabla ya kupeleka kazi Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, au kwa mchapishaji mwingine yeyote, chapa mstari huu kwa ukubwa wa asilimia 100, bila “kutosheleza ukurasa”: Il1 O0 eŋŋoma Ŋ ng’ombe 0772. Kisanduku kikitokea mahali pa ŋ, kompyuta imebadilisha fonti.

Peleka PDF, usipeleke faili ya Word. Fungua sifa za hati, sehemu ya fonti: kila jina lionyeshe kuwa fonti imepachikwa. Mchapishaji akidai herufi zigeuzwe kuwa michoro, mpe nakala ya namna hiyo, lakini tunza faili ya asili, maana kwenye michoro huwezi kusahihisha hata herufi moja. Dai karatasi ya jaribio kabla pleti hazijatengenezwa, na soma kwanza namba za simu na bei.