Kumtundikia asiklovia mgonjwa mwenye kinga dhaifu: anza na figo

Mkanda wa jeshi ukimpata mtu aliye kwenye tibakemia (dawa za saratani) au aliyepandikizwa kiungo, virusi haviishii kwenye ngozi. Vinaweza kufika mapafuni, kwenye ini na ubongoni. Ndiyo maana asiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivyo, huanzwa mapema, mara nyingi kwa dripu. Dozi huamuliwa na daktari wa mgonjwa. Somo hili ni kwa yule anayeitundika.

Hatua ya 1: Kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi. Chukua damu kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu dawa hii hutolewa mwilini na figo. Mtu mzima mwenye figo nzima hupewa miligramu 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 8. Uchujaji wa figo ukishuka hadi mililita 25–50 kwa dakika, dozi ileile hutolewa kila baada ya saa 12. Kwa mnene kupita kiasi, tumia uzito unaolingana na urefu wake.

Hatua ya 2: Maji. Asiklovia haiyeyuki vizuri kwenye mkojo. Mgonjwa akiwa mkavu, huganda fuwele ndani ya mirija ya figo. Anayetapika aongezewe maji kwanza, na mkojo wake upimwe.

Hatua ya 3: Saa nzima. Hapa ndipo wengi huteleza. Dawa hii haisukumwi kwa bomba la sindano hata wodi ikiwa imefurika. Iingie kwa saa 1 au zaidi. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji miligramu 600. Tukitaka isizidi miligramu 5 kwa mililita, tunahitaji angalau mililita 120 za salaini, kwa hiyo ile chupa ya 100 haitoshi. Kwa seti ya dripu ya matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 40 kwa dakika. Kagua kanula pia: dawa ni kali na ikivuja huunguza nyama. Uliyokwisha kuchanganya usiiweke kwenye friji, itaganda.

Hatua ya 4: Akili yake. Akianza kutetemeka, kuweweseka au kuona vitu visivyokuwepo, huenda virusi vimefika ubongoni, lakini pia huenda dawa imelundikana. Rudia kreatinini siku hiyohiyo.

Maswali

*Mwalimu, mgonjwa wangu anameza tenofovia (ya VVU) na diklofenaki (ya maumivu). Niendelee?*
Diklofenaki mwulize daktari aisimamishe, maumivu yatafutiwe dawa nyingine. Tenofovia usiiguse bila daktari wake wa VVU. Kreatinini ndiyo ipimwe mara kwa mara zaidi.

*Vidonda vya hepesi vimekaa zaidi ya wiki na vinazidi kupanuka. Tuongeze dozi?*
Hapana. Kwanza hakikisheni dozi zote zilitolewa kwa wakati. Kama zilitolewa, shukuni usugu wa virusi kwa dawa, ambao hutokea zaidi kwa wagonjwa hawa. Kubadilisha kwenda vidonge vya valasiklovia hakusaidii, maana ndani ya mwili hugeuka kuwa asiklovia ileile. Hapo huitwa bingwa, na mara nyingi huchagua foskaneti, dawa nyingine ya virusi, ambayo nayo huumiza figo.

*Tunahamia vidonge lini?*
Malengelenge mapya yakikoma, ya zamani yakianza kukauka, na mgonjwa akimeza bila kutapika.