Likizo ikikukuta Dodoma msimu wa zabibu

Kama uko likizo nyumbani hapa Dodoma na zabibu zimejaa sokoni, yaani Februari na Machi au Agosti na Septemba, tenga asubuhi moja upike jamu. Siku za kazi ni vigumu, maana jamu inataka mtu asiye na haraka.

Chukua kilo 1 ya zabibu nyeusi. Osha, toa vikonyo, ziponde kwa mwiko ndani ya sufuria. Maganda usiyatupe kabisa: ndiyo yenye rangi, na ndiyo yanayosaidia jamu kuganda. Chemsha kwa moto mdogo mpaka zilainike, kisha pitisha kwenye chujio ukikandamiza vizuri ili zibaki mbegu na mabaki makavu tu. Rudisha jikoni, tia sukari nusu kilo na maji ya ndimu 1, ukoroge bila kuondoka. Hapo nyumba nzima inanukia na watoto wanasogea wenyewe. Wape kazi ya kuosha chupa.

Kujua kama imeiva, weka kisahani kwenye friji mapema. Dondoshea jamu kidogo, iache ipoe, isukume kwa kidole. Ikijikunja kwa juu, ipua mara moja, maana ukizidisha moto itakuwa ngumu ikipoa.

Mimina ingali moto kwenye chupa za kioo ulizozichemsha. Kwa kuwa sukari si nyingi, itunze kwenye friji. Kwa chapati ni nzuri, ila mimi naipenda zaidi kijiko kimoja ndani ya uji wa uwele.