Kusuka ukili ukiwa na kichanga: shibiri tatu kwa siku

Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, niliupandisha ukili wangu, ule utepe wa kusukwa unaoshonwa kuwa mkeka, juu ya kabati nikasema nitaushika nikipata nafasi. Nilipoushusha mtoto alikuwa anatambaa, na miyaa, yale majani ya kusukia, imeshaota ukungu, ukiikunja inakatika. Wa pili alipokuja sikungoja nafasi. Kabla hajajua kujigeuza, kimkeka chake cha rangi mbili kilikuwa tayari kimetandikwa, na sikukosa usingizi hata usiku mmoja kwa ajili ya mkeka huo.

Muda haukuongezeka, tena safari hii nilikuwa na watoto wawili. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na baada ya kila nyonyo kuna kumcheulisha, kumbadilisha na kumbembeleza. Nilichofanya ni kuikata kazi ya mkeka vipande vidogo vidogo, kila kipande kiingie katikati ya nyonyo moja na nyingine. Hapa simfundishi mtu kusuka. Nadhani unajua, au una bibi wa kukufundisha. Nakuonyesha namna ya kuikata hiyo kazi.

Hatua ya 1: Arobaini iachie mwenyewe

Kwetu Pemba mzazi hukaa ndani siku arobaini, anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, hashiki kazi. Nilipokuwa msichana niliona ni kudekezana tu. Sasa nasema wazee walijua. Wazazi wengi huumwa kifundo cha mkono upande wa dole gumba, kwa sababu ya kumnyanyua na kumshika mtoto kutwa kucha, na kusuka kunatumia dole gumba hilo hilo. Ukiona linavuta au linachoma unapokunja mkono, acha ukili, na likiendelea waonyeshe kliniki. Aliyezaa kwa upasuaji asikae chini na kunyoosha miguu kama tulivyozoea. Akae kwenye kiti chenye mgongo, na ukili autandaze juu ya mto mapajani.

Jambo jingine nalisema hapa kwa sababu kazi ya mikono hulifichua mapema. Ikiwa arobaini inaisha na ule ukili ulioupenda huna hamu hata ya kuutazama, unalia bila sababu, na hali hiyo imezidi wiki mbili, usijiite mvivu. Mwambie mtu wa karibu, na umwambie muuguzi siku ya kliniki ya mtoto. Ni maradhi yanayojulikana na yana tiba.

Hatua ya 2: Tenga kazi kwa namna zinavyokubali kuachwa

Mkeka ni kazi nyingi zenye jina moja. Kuna kuanika miyaa, kuichana iwe vipande vyembamba (chane), kuitia rangi, kusuka ukili, kuusafisha masazo (ncha za chane zinazochomoza), kushona, kutia pindo. Kosa langu la mara ya kwanza lilikuwa kuziona zote kama kitu kimoja kikubwa kinachotaka siku nzima.

Jiulize swali moja kwa kila kazi: mtoto akilia sasa hivi, naweza kuiweka chini bila kuharibika kitu?

Rangi haikubali. Maji yanachemka, moshi upo, na ukiondoa chane kabla ya wakati zinatoka na mabaka. Kwa hiyo chane za rangi ziwe tayari kabla hujajifungua, tena achemshe mwingine, wewe uelekeze umekaa mbali na moshi. Sufuria ya rangi isirudi jikoni tena. Kuchana nako kuna kisu, basi nako kufanywe mapema. Mimi niliweka mafungu mawili, moja jeupe na moja la zambarau, yamekauka barabara na kufungwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Usiyafunge kwenye nailoni, yatatoka jasho.

Kusuka kunakubali. Ndiyo maana mama zetu walisuka barazani, njiani, msibani. Ukili hauna safu za kuhesabu. Unauacha, unaurudia, haukulaumu.

Hatua ya 3: Badilisha kipimo

Zamani nilihesabu kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ukiwa na kichanga, pima itakuvunja moyo, maana siku itaisha hujafika hata nusu. Hesabu kwa shibiri, yaani kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa nne ni pima, kwa hiyo pima moja ni shibiri nane. Shibiri yangu ni sentimita 20 hivi, na pima yangu kama mita 1 na sentimita 60. Zako zipime kwa mkono wako.

Tufanye hesabu ya kimkeka cha mtoto cha sentimita 90 kwa 60. Ukili wenye upana wa sentimita 4 utahitajika mita 13 na nusu. Hizo ni pima 8 na nusu hivi. Weka pima 10, kwa sababu ya pindo na sehemu utakayoikataa mwenyewe. Pima 10 ni shibiri 80. Ukisuka shibiri 3 kwa siku, ni siku 27. Ukikosa siku moja kati ya mbili, kwa sababu ya homa, chanjo au wageni, bado hujafika miezi miwili.

Nilichora mistari nyuma ya kalenda ya ukutani, kila shibiri mstari mmoja. Mume wangu akauliza ni deni la nani.

Hatua ya 4: Kikapu kimoja, mahali pamoja

Ukipata dakika kumi, usizimalize kwa kutafuta mkasi. Weka kikapu chenye kifuniko, na ndani yake:

- chane ishirini tu za kuungia, si fungu zima
- kitambaa kilichokamuliwa maji, cha kuzifunikia zilainike
- mkasi mdogo
- vibanio viwili vya kuanikia nguo

Kitundike msumarini. Kisikae kitandani. Ncha za chane ni kali na jicho la mtoto liko karibu, na chane ndefu inaweza kujizungusha kidoleni mwake bila wewe kuona. Mtoto alale chali mahali pake, tambarare, pasipo na kitu kingine, nawe usukie pembeni unapomwona.

Bakuli la maji nililiacha baada ya kulimwaga mara mbili juu ya godoro. Kitambaa chenye majimaji kinatosha. Chane zilizobaki jioni zitoe uzianike, maana zikilala mbichi ndani ya kikapu, zitaota ukungu.

Hatua ya 5: Utafute usingizi wako kwanza, kisha wa mtoto

Kwa siku tatu usisuke. Tazama tu. Kichanga hulala sana, lakini kwa vipande visivyo na adabu. Hata hivyo wengi wana kipande kimoja kinachofanana kila siku. Wangu ilikuwa baada ya kuogeshwa na kupakwa mafuta asubuhi, kuanzia saa nne hivi.

Kanuni yangu ni hii: usingizi wa kwanza wa mtoto mchana ni wangu, nalala naye saa moja. Usingizi wa pili ni wa ukili, dakika kumi, kumi na tano. Wa tatu ni wa nguo na chungu. Usiku hauna ukili kabisa. Najua wapo wanaosuka saa nane usiku mtoto akinyonya. Mimi nilijaribu, nikaungaunga chane vibaya hata shibiri mbili nikazifumua mchana. Tena unyonyeshaji wenyewe unataka mikono yote miwili, hasa wiki za mwanzo mtoto anapojifunza kushika ziwa.

Hatua ya 6: Jifunze kuacha

Hii ndiyo hatua yenyewe hasa. Ishara ya kwanza ya mtoto si kilio, ni kujinyonganyonga na kutafuta kwa mdomo. Hapo una kama dakika moja. Ipeleke chane uliyoishika mpaka mwisho wa njia yake, usiiache katikati. Ziweke zote pamoja, zibane kwa kibanio, kisha viringisha ukili kuanzia upande uliokamilika. Rudisha kikapuni, funika, nenda.

Weka chane moja ya rangi hata kama unasuka mkeka mweupe. Ukirudi baada ya muda wa saa tano na akili imechoka, hiyo chane inakuonyesha zamu ni ya upande gani, na ukikosea unaona hapo hapo. Nasuka kwa chane saba siku hizi. Kumi na tatu ninaziweza, lakini kichwa cha mzazi hakitaki mashindano.

Usiunge chane mpya ukijua mtoto anakaribia kuamka. Kiungo kinataka mizunguko mitatu minne ndipo kishike, ukikiacha nusu kinachomoka.

Hatua ya 7: Wageni na baba mtoto

Wageni wa mtoto watakuja, na watakaa. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nawapa ukili siku hiyo hiyo. Wifi zangu walinisafishia masazo ya pima nne huku wakimsengenya mtu nisiyemjua.

Kwa baba mtoto, "nisaidie" haitoshi. Mwanzoni nilisema hivyo, akafagia uani, mtoto akabaki kwangu. Siku ya pili nikamwambia: "Baba, kila siku baada ya alasiri mchukue mpaka saa kumi na nusu. Keshanyonya. Akilia mbebe utembee naye, usiniite mpaka uone ananyonya ngumi." Akajibu, "Kumbe ndivyo! Si ungesema." Hiyo nusu saa ndiyo iliyonipa shibiri ya tatu.

Hatua ya 8: Shingo ikikaza, anza kushona

Mtoto akifika kama miezi mitatu na shingo yake imekaza, mbeleko inakurudishia mikono. Kusuka naye mgongoni ni raha. Mwendo wako unamlaza. Kushona ni tofauti. Shazia ni sindano kubwa, kwa hiyo nashona mtoto akiwa amelala au yuko kwa baba yake. Ninayo shazia moja tu, na ninaichomeka kwenye kizibo kabla sijasimama, hata kama mlango unagongwa.

Lowesha ukili kidogo, uuzungushe kama unatengeneza kopo lenye mzingo wa sentimita 90, ukingo kwa ukingo, na ushone kuuzunguka. Ukili wa sentimita 4 utakupa mizunguko 15. Usingizi mmoja, mzunguko mmoja. Ukimaliza mzunguko funga fundo pale pale, ili ukiuacha wiki nzima usifumuke.

Kulikata kopo hilo liwe mkeka usikufanye peke yako. Mwite mtu alishike limenyooka, ukate moja kwa moja kutoka juu hadi chini, na pindo ulitie siku hiyo hiyo, kwa sababu ukingo uliokatwa hauningojei mimi wala wewe. Wangu nilikata Ijumaa mchana, mama mkwe ameshika ncha moja na mtoto mkono mwingine. Pindo nikalimaliza magharibi, na upande mmoja umepinda hadi leo.