Mistari ya njano kwenye matengenezo ya barabara, wa Ulaya na Marekani mpite hapa

Ukishazoea kuendesha upande wa kulia unajiona umemaliza kila kitu, halafu unaingia autobahn (barabara kuu ya mwendo kasi ya Ujerumani) sehemu inayotengenezwa, unakuta chini kuna mistari myeupe na mingine ya njano imepishana na hujui ufuate ipi. Ujerumani jibu ni moja tu, fuata ya njano. Ikishachorwa hiyo, myeupe haina kazi tena hata kama inaonekana vizuri kabisa. Uswisi na Austria ni hivyohivyo ila wao wanachora ya rangi ya chungwa. Sasa usiibebe sheria hiyo ukaenda nayo Marekani, kule mstari wa njano katikati unakutenganisha na wanaokuja mbele yako, na upo siku zote, kuwe na ujenzi kusiwe na ujenzi.

Usiku wa mvua ndo balaa. Mstari wa zamani ukikwanguliwa unaacha alama inayong'aa kwenye lami iliyolowa, na ikipigwa na taa za gari unaweza kudhani ndo leni yenyewe. Hapo achana na ya chini, fuata koni na vibao.

Leni ya kushoto kwenye matengenezo Ujerumani nayo ina mtego wake. Kibao kikisema mwisho upana wa mita 2, wanahesabu mpaka vioo vya pembeni, na Volkswagen Golf mpya tu ya kawaida na vioo vyake inazidi hapo. Kadi ya gari isikudanganye, upana ulioandikwa mle hauna vioo. Kaa kulia nyuma ya malori, hata kama inaboa.

Kinacholeta foleni sasa: leni inaisha mbele, watu wanahama mapema mno, moja inajaa mpaka huko nyuma na nyingine iko tupu, na wewe ukipita kwenye tupu unajisikia kama unachomekea. Huchomekei! Magari yakiwa yanasukumana, Ujerumani sheria ni uende mpaka pale leni inapobanwa ndo muingiliane mmoja mmoja kama meno ya zipu. Uingereza ni ushauri tu, umo kwenye Highway Code, kitabu chao cha kanuni za barabarani, kwa mwendo wa polepole, kwa hiyo utakutana na dereva atakayekubania makusudi. Usibishane naye, mwache apite, ingia nyuma yake.