Somo: Namna ya kulala wakati wa mionzi ya titi

Wengi wanaokuja kwenye mionzi ya kutibu saratani baada ya upasuaji wa titi huogopa mashine. Mashine haikugusi wala haiumizi. Kinachowatesa ni bega. Mkono wa upande uliopasuliwa lazima uinuliwe juu ya kichwa na utulie hapo, na bega lililokaza baada ya kutolewa tezi za kwapani halikubali. Tuanzie hapo.

1. Nyoosha bega mapema. Daktari wa upasuaji akisharuhusu, simama ukiutazama ukuta, weka vidole ukutani, vipandishe taratibu mpaka bega lianze kukaza, tulia kidogo, shusha. Rudia mara kadhaa kwa siku. Mkono ukigoma kupanda, omba upelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla ya siku ya kupangiwa mionzi, yaani siku ya kupimwa mlalo wako kabla matibabu hayajaanza.

2. Siku ya kupangiwa ndiyo siku ya kusema. Utalazwa chali kwenye ubao wenye mwinamo, mikono kwenye vishikizo juu ya kichwa, mara nyingi uso umegeuziwa upande wa pili. Utapigwa picha za siti skani, kisha utachorwa alama au kuwekewa vidoa vya wino wa kudumu. Mlalo huo ndio utakaorudiwa kila siku hadi mwisho, maana hesabu zote za mionzi zinapigwa juu yake. Tumelelewa kuvumilia, na mbele ya wataalamu mtu huona haya. Usione haya, mama. Kiwiko kikining'inia, sema. Vidole vikifa ganzi, sema. Kiuno kikiuma, omba kitu cha kuwekwa chini ya magoti. Maumivu uliyoyaficha siku hiyo utalala nayo kila siku, na mwili unaoumia hujisogeza wenyewe.

3. Siku za matibabu. Vaa blauzi ya vifungo mbele, vua mikufu, njoo na khanga ya kujifunika mpaka dakika ya mwisho. Kama bega linauma, muulize daktari kuhusu kumeza parasetamo nusu saa kabla. Wataalamu watakusogeza mpaka alama zilingane na mistari ya mwanga. Legeza mwili, usiwasaidie kujisogeza. Wakitoka chumbani wanakuona kwa kamera. Mionzi yenyewe ni dakika chache tu, kupangwa ndiko kunakochukua muda.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Mama ana kikohozi. Akikohoa mionzi ikiwa inaendelea?
Marahaba mdogo wangu. Asijibane mpaka akapaliwa. Wataalamu wamwelekeze kabla namna ya kuashiria, nao watasimamisha mashine, wampange upya, waendelee pale walipoishia.

Wenzangu wa titi la kushoto wanaambiwa wabane pumzi. Mimi sikuambiwa, nimesahauliwa?
Hapana. Ukijaza mapafu, moyo husogea mbali na titi, ndiyo maana vituo vyenye vifaa vya kufuatilia pumzi hutumia njia hiyo. Si kila kituo kinavyo, na si kila mgonjwa anaihitaji. Muulize daktari wako moyo unakingwaje kwenye mpango wako. Kama hukuambiwa kubana, pumua kawaida.

Nina matiti makubwa, ngozi ya chini inachubuka.
Palipokunjana ndipo ngozi huungua zaidi. Osha kwa maji ya vuguvugu, kausha kwa kubonyeza kitambaa laini bila kusugua, vaa sidiria laini ya pamba isiyo na waya. Waonyeshe wataalamu leo, usingoje kliniki ya wiki. Vituo vingine humlaza mgonjwa kifudifudi ili titi lining'inie, lakini hilo huamuliwa siku ya kupangiwa.

Alama zimefutika nikioga.
Usizichore mwenyewe hata kama unaona pale zilipokuwa. Njoo hivyo hivyo.