Kulinganisha shule za sekondari za serikali ndani ya halmashauri moja

Bango la "ufaulu asilimia 92" lisikutoshe. Katika takwimu za NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), hata aliyepata daraja la nne amefaulu, ilhali kuchaguliwa kidato cha tano kunataka C katika masomo yasiyopungua matatu na pointi zisizozidi 25 (zikiwa chache ndiyo bora). Kwa mzazi, ufaulu ni daraja la I hadi la III.

Fungua matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti ya NECTA. Chagua vituo vyenye namba inayoanza na S. Vya P ni vya watahiniwa wa kujitegemea. Jumlisha I, II na III, kisha gawanya kwa wote waliofanya mtihani. Tuseme shule moja ina wenye daraja la I hadi la III 12 kati ya watahiniwa 240, nyingine 9 kati ya 90. Ya kwanza ina asilimia 5, ya pili 10. Rudia kwa miaka mitatu, maana kwenye shule ndogo wanafunzi wanne wakivurunda asilimia inaporomoka.

Chini ya ukurasa kuna GPA (wastani wa alama), na hapo wengi huisoma kinyume: inayokaribia 1 ndiyo nzuri, inayokaribia 5 ni mbaya. Kwenye jedwali la masomo, anza na Hisabati, kwa kuwa hufanywa na karibu wote. Fizikia ikiwa na watahiniwa 14 kati ya 110, GPA yake nzuri huenda imetokana na mchujo wa kidato cha tatu. Uliza nani huruhusiwa kuchukua sayansi.

Kisha tazama kidato cha pili cha miaka miwili nyuma: wa 2022 ndio wa kidato cha nne 2024. Wakiwa walikuwa 160 na wamebaki 95, mkuu wa shule akueleze wangapi walihama, wangapi walikariri darasa na wangapi waliacha.

Shule za vipaji maalumu ziweke kando. Ilboru hupokea watoto waliokwishachujwa darasa la saba. Kuipima na shule ya kata ya Arusha ni kuwaonea walimu wa kata.

Takwimu zikishabakiza shule mbili, zitembelee siku ya masomo. Uliza walimu wa Hisabati ni wangapi kwa mikondo mingapi. Ingia maabara, fungua bomba. Pita njia atakayopita mtoto, saa kumi na mbili asubuhi. Kilomita sita kwa miguu humfikisha darasani amechoka.

Kama ni uhamisho, pata kwanza uthibitisho wa maandishi kwamba shule unayoitaka ina nafasi, ndipo uanze kushughulikia fomu kwenye shule anayotoka.