Kuchagua Bunduki ya Komeo Isiyo Ghali kwa Shabaha na Mawindo

Ukiwa na dola 1,000 za Marekani, tenga 500 kwa bunduki, 250 kwa darubini, 60 kwa vishikio vyake, na zote zinazobaki ziende kwenye risasi. Wanunuzi wengi wapya hufanya kinyume: wanamaliza pesa kwenye bunduki, wanaifunga darubini ya dola 60, wananunua pakiti moja ya risasi, kisha wanashangaa shabaha haikai. Bunduki za komeo (zile unazozikoki kwa mkono kabla ya kila risasi) za bei ya chini zinazouzwa Marekani siku hizi, kama Ruger American na Savage Axis, zina mitutu mizuri kuliko uwezo wa wapigaji wengi. Kinachokosekana ni mazoezi, na mazoezi yanakula risasi.

Kwa hiyo anza na kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi, kwa sababu ndiyo itakayoamua utapiga risasi ngapi kwa mwaka. Kwa mtu anayetaka bunduki moja ya kulenga karatasi na kuwinda kulungu wa mkia mweupe, tunapendekeza 6.5 Creedmoor. Hornady, kiwanda cha risasi cha Marekani, waliitoa mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha, wawindaji wakaipokea baadaye. Kichwa chake cha gramu 9 hivi ni chembamba na kirefu, kinapasua upepo vizuri, na teke lake begani ni kama theluthi mbili au robo tatu ya teke la .308 Winchester. Udhaifu wake ni uhai wa mtutu: usahihi huanza kushuka baada ya risasi 2,000 hadi 3,000, wakati mtutu wa .308 hufika 5,000 au zaidi. Mwindaji hatafika huko kwa miaka mingi, ila mpenda mashindano atafika.

.308 ni ya mwaka 1952 na risasi zake utazikuta karibu kila duka. .243 ina teke dogo kuliko zote mbili na inamfaa mtu mwenye mwili mdogo. .223 ni rahisi kununua na tamu kwa shabaha, lakini kwa kulungu baadhi ya majimbo yanaikataa: Virginia inataka kipenyo cha inchi .23 kwenda juu, Colorado .24. Ohio nako, bunduki za aina hii huruhusiwa kwa kulungu zikiwa tu za risasi za ganda lililonyooka, siyo lililobanwa shingoni kama la 6.5 Creedmoor, kwa hiyo kaliba hiyo haina kazi huko. Soma kanuni za jimbo lako kabla ya kulipa, siyo baada.

Usihadaike na kaliba kubwa. Mtu anayeogopa teke hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa, na risasi huenda chini au pembeni. Mnyama aliyejeruhiwa na .300 Magnum iliyokwenda kombo anateseka sawasawa na aliyejeruhiwa na bunduki ndogo.

Dukani, hakikisha kwanza kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, ni tupu. Kisha chukua noti, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mdomoni kurudi nyuma. Inapaswa kuteleza bila kukwama hadi karibu na chemba. Sasa bana sehemu ya mbele ya kitako kwa nguvu ukiielekeza kwenye mtutu. Vitako vya plastiki vya bunduki za bei ya chini hupinda, na hapo ndipo shida ilipo: ukiegemea miguu miwili ya kusimamishia, plastiki inagusa mtutu na kundi la matundu linahama. Tikka T3x ya Finland ni bora zaidi upande huu na komeo lake linateleza kama limetiwa mafuta, lakini bei yake inakaribia mara mbili. Kama pesa ipo baada ya kutenga ya darubini na risasi, inastahili.

Pima nguvu ya kuvuta kifyatulio. Kilo 1.2 hadi 1.6 zinatosha kwa kazi zote mbili. Chini ya hapo ni hatari porini ukiwa na glavu na vidole vya baridi. Kifyatulio cha AccuTrigger cha Savage mtumiaji anaweza kukirekebisha mwenyewe, lakini baadhi ya matoleo ya bei ya chini ya Axis hayana, uliza kabla.

Kwa bunduki iliyotumika, angalia mdomo wa mtutu kwa tochi na kioo cha kukuzia. Zungusha pamba ya masikio ukingoni: nyuzi zikinasa, ukingo una kovu, mara nyingi kwa kusafishwa kutokea mbele. Kovu upande mmoja hufanya gesi itoke kwa upande na kuisukuma risasi kando. Namba za komeo na mwili, kama zote zimechongwa, zilingane. Zisipolingana, fundi bunduki apime nafasi inayobaki kati ya komeo na risasi ikiwa ndani ya chemba kabla hujapiga hata risasi moja.

Darubini inayokuza mara 3 hadi 9 yenye kioo cha mbele cha milimita 40 inatosha hadi mita 300. Ifunge kwa spana ya kupimia nguvu, siyo kwa kukisia: skrubu za juu za vishikio niutoni-mita 1.7 hadi 2.2, mradi kitabu cha kishikio hakisemi tofauti. Ukizidisha unaminya bomba na vioo vya ndani vinakwama. Ukipunguza darubini inateleza kila unapofyatua. Jicho likae kama sentimita 9 nyuma, la sivyo darubini itakukata nyusi. Skrubu zinazoshika kitako kwenye mwili wa bunduki nazo zina kipimo kwenye kitabu. Zikilegea, bunduki iliyokuwa nzuri jana inatawanya leo, na watu wengi hulaumu risasi.

Usahihi hupimwa kwa dakika ya pembe (sehemu moja ya 60 ya digrii), ambayo kwa mita 100 ni milimita 29. Bunduki inayokaa ndani ya milimita 45 kwa risasi 10 kwa umbali huo inatosha kabisa kwa kulungu, ambaye eneo lake la moyo na mapafu ni la sentimita 20 hivi. Usiamini kundi la risasi tatu. Kwa hesabu za uwezekano tu, bunduki ileile inayotoa wastani wa milimita 25 kwa risasi tatu itatoa kama milimita 40 kwa risasi 10. Matangazo ya viwanda yanasimama kwenye tatu.

Nunua aina tatu za risasi, pakiti moja moja. Piga kumi za kila aina kutoka kwenye mfuko wa mchanga, ukiacha mtutu upoe hadi uweze kuushika kwa mkono, maana mtutu mwembamba ukipata moto huanza kuhamisha matundu baada ya risasi nne au tano. Aina itakayoshinda, nunua pakiti kadhaa zenye namba moja ya toleo la kiwanda.

Sasa rekebisha darubini ili risasi iende unapolenga. Mlio mmoja wa kirekebishio cha darubini, wa robo dakika ya pembe, huhamisha tundu milimita 7 kwa mita 100. Kwa 6.5 Creedmoor, ukiweka kundi sentimita 5 juu ya kitovu kwa mita 100, itakuwa karibu na kitovu kwa 200. Halafu ijaribu darubini yenyewe: milio 20 kulia, 20 juu, 20 kushoto, 20 chini, ukipiga kila kona. Risasi ya mwisho isiporudi kwenye tundu la kwanza, rudisha darubini dukani.

Sheria za umiliki zinatangulia yote haya. Marekani, duka lenye leseni halimuuzii bunduki ndefu aliye chini ya miaka 18. Mkaazi wa kudumu anaweza kununua. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi mpaka awe na kibali kinachokubalika, kama leseni halali ya kuwinda. Canada unahitaji kwanza PAL, leseni ya kumiliki silaha, na mafunzo ya usalama kabla yake. Tanzania, kaliba ya .375 ndiyo kima cha chini kwa nyati, kwa hiyo bunduki zilizotajwa hapa si za kazi hiyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na shabaha hulengwa viwanjani tu.

Nyumbani, bunduki ikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, komeo limetolewa, risasi mahali pengine na ufunguo wake tofauti.